Jina Alilolitaja Mama Yetu Bitota

Ndugu na jamaa, watu wa kanisa, majirani wa mtaa wetu wa Kasuku, mimi ni Ephraïm, mutoto wa mwisho wa marehemu, na karatasi hii nimeiandika mara mbili, kwa hiyo mkiniona nasimama-simama, munivumilie.

Mama yetu Bitota Adèle alizaliwa kijijini Tunda tarehe 3 Machi 1957, akasoma shule ya msingi kulekule, akajifunza kushona huko Kibombo, na tarehe 8 Agosti 1979 akaolewa na baba yetu Mulamba, mufanyakazi wa reli kutoka Kasai, wakajaliwa watoto wanne, na baba alipofariki mwaka 1996, mama akatulea kwa cherehani yake moja.

Kisha, mara ya kwanza, tuliandika kwamba tarehe 14 Oktoba 2002, mji ukiwa umezingirwa, askari walinikamata, nikiwa na miaka kumi na sita, wakisema napeleka chumvi kwa wapiganaji wa porini, na kesho yake Mungu akanifungua. Juzi tulipowasomea majirani ili watusahihishie tarehe, Mama Halima akasema, "Futa hapo, Ephraïm. Mungu hakuingia mule. Mama yako aliwaambia si weye, njo Ayoubu, bwana yangu mimi, anapeleka chumvi. Wakakuachia weye, wakamuchukua yeye."

Jamani! Kumbe miaka yote hii niko napumua kwa sababu ya Baba Ayoubu, ambaye hakurudi, na ambaye hakupeleka hata kijiko cha chumvi popote. Nikimuhukumu mama, ni kama nasema afadhali ningekufa, na nikisema alikuwa mama tu, nitamuangalia Mama Halima kwa macho gani? Dada zangu walinikataza kusoma sehemu hii, lakini nimesoma.

Mama aliugua figo tangu Novemba, akafariki tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wanakwaya, mafundi wenzake wa sokoni, na majirani, hasa Mama Halima, aliyemuletea uji kila asubuhi kwa miezi mitatu, akijua yote. Jana nilimuuliza kwa nini, akanijibu kwamba alikuwa anangoja mama aseme mwenyewe.

Mama, hukusema, basi nimesema mimi mbele ya watu. Pumzika. Neno "kwa amani" sijalisoma, maana ile amani Mama Halima njo mwenye tutamuomba.