Bi Lala wa Ghorofa ya Tisa Anapanda Kama Mgeni

Tarehe 30 ya mwezi huu, saa sita mchana, mhudumu mkuu wa vyumba vya kifahari katika meli yetu ya watalii atakabidhi funguo na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia kampuni kwa miaka ishirini na minane na miezi minne. Ofisi ya utumishi iliandika ishirini na minane kamili. Hiyo miezi minne nimeirudisha mimi, maana aliifanyia kazi, hakuiokota.

Nimeombwa kuandika haya mimi, mkuu wa udobi, kwa sababu moja tu: hakuna aliyegombana naye kuliko mimi. Kwa miaka ishirini na moja amekuwa akishuka mpaka kwetu chini, kwenye joto la mashine, kunirudishia taulo ambazo kila mtu mwingine aliziona safi. Wala hakuwa akizitazama. Alizipitisha shavuni, akatikisa kichwa, akaziweka mezani. Nilikuwa nachemka! Akishaondoka nami nazipitisha shavuni mwangu, na kumbe kweli, zinakwaruza. Sikuwahi kumwambia. Leo namwambia.

Jina lake la kwenye kitambulisho linajulikana ofisini. Sisi wengine tunamwita Bi Lala, na sababu yake nitaifikia. Kwanza niseme jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Kampuni humpa kila aliyetimiza miaka ishirini na mitano zawadi ya safari ya siku saba katika chumba cha kifahari, yeye na mwenzake mmoja. Wengi huikimbilia kabla wino haujakauka. Bi Lala alipewa barua yake miaka mitatu iliyopita, akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni. Mwenzake aliyemtaka ni mmoja tu: dada yake mkubwa, mshonaji wa nguo, aliyemlelea watoto wake wawili tangu siku alipopanda meli kwa mara ya kwanza. Kila mwaka alimwalika, na kila mwaka dada alikuwa na sare za shule za kushona. Zawadi yenyewe ina mwisho. Usipoitumia katika safari ya kwanza baada ya kustaafu, inafutika, na safari hiyo ni Jumamosi ijayo.

Alianza kazi kwenye vyumba vya ndani, vile visivyo na dirisha, akisukuma kigari cha mashuka kwenye korido ambayo watu wawili hawapishani bila kuombana radhi. Baada ya miaka sita akapandishwa ghorofa ya tisa, kwenye vyumba kumi na vinne vya kifahari. Kwa wenzetu wa mitambo na wa jikoni ambao hawajawahi kukanyaga huko juu, niwaeleze kidogo. Kuna sebule, chumba cha kulala, roshani yenye viti viwili, beseni la kuogea ambalo mtu mzima anajinyoosha, na kabati la nguo linaloweza kumeza kitanda changu. Mgeni wa huko hapangi foleni ya kupanda. Akitaka, mabegi yake yanafunguliwa na nguo zinatundikwa, na chai inamfuata kwa saa anayoitaka yeye. Analipia kuburudika, na anakuja na matarajio mpaka shingoni.

Hapo ndipo Bi Lala alipokuwa na utaratibu wake. Kabla ya kukabidhi chumba, alitoka nje, akaingia tena kwa mlango wa mbele kama aliyekuja sasa hivi. Akakaa kwenye kila kiti. Akavua viatu, akaingia kwenye beseni likiwa kavu, akatazama juu. Kisha akalala kitandani chali, dakika tano, kimya. Alisema chumba hukijui ukiwa umesimama. Akiwa amelala ndipo aliposikia henga zikigongana kabatini meli inapoyumba, akaona kitaa chekundu cha dari kinachompiga mgeni usoni, akagundua kwamba mlango wa roshani usipofungwa sawasawa unapiga mluzi.

Utaratibu huo ulimponza siku moja. Ilikuwa siku ya kubadilisha wageni, wa zamani wametoka asubuhi, wapya wanaingia mchana, na mhudumu mwenzake alikuwa mgonjwa. Alishamaliza vyumba kumi na vitatu peke yake. Kwenye cha kumi na nne akalala kuangalia dari, na usingizi ukambeba. Wageni wakaingia, bibi na babu waliokuwa wakisherehekea ndoa yao ya miaka mingi. Bibi hakupiga kelele. Alivua mtandio wake akamfunika, babu akatua mabegi polepole kama anayebeba mayai, wakaenda kukaa roshani wakinong'onezana. Dakika arobaini! Hawakumshitaki. Aliyemshitaki ni mchukuzi wa mabegi, ambaye leo ni rafiki yangu na ataona haya akisoma hapa, na ni vizuri.

Mkuu wa vyumba wa wakati huo alimpa barua ya onyo, akamshusha kwenye vyumba vya ndani kwa miezi mitatu. Jina la Bi Lala lilizaliwa siku hiyo, na halikuwa la heshima. Alijikaza kisabuni. Huko chini nako akalala kwenye kila kitanda, mpaka vile vyembamba vya juu, akagundua kwamba tundu la hewa lilikuwa likiwapulizia wageni baridi kwenye paji la uso. Akawasumbua mafundi mpaka matundu yote yakageuzwa. Miezi mitatu ilipokwisha, korido ile ilikuwa inasifiwa kuliko ghorofa ya tisa. Mkuu wa vyumba akashuka mwenyewe kumchukua. Siku hizi imo kwenye kitabu cha taratibu, ukurasa wa sita: mhudumu alale kwanza chumbani kwa dakika tano. Jina likabaki, dhihaka ikaondoka.

Kazi yake nyingine kubwa ni ile karatasi moja anayokabidhiwa kila mgeni, yenye kichwa Utakachokikuta. Aliiandika mwenyewe kwa mkono, kwa sababu alichoka kuona watu wakivunjika moyo kwa mambo ambayo wangeweza kuambiwa mapema. Inasema chumba kiko juu, kwa hiyo bahari ikichafuka wewe utayumba kuliko walio chini, ufahari hauzuii mawimbi. Inasema choo kitanguruma kana kwamba kinataka kukumeza. Hakitakumeza, ila funika kwanza. Jaza beseni nusu. Usianike nguo ya kuogelea kwenye ukingo wa roshani, upepo utaichukua na hairudi. Mhudumu atakufungulia mabegi, na kama unaona haya, mwambie tu, hatanuna. Mwisho inasema kuna kitufe kimoja cha taa karibu na kitanda ambacho hakifanyi kitu chochote, usijisumbue.

Ofisi ilikuja juu kwa hicho kitufe. Walituma mafundi wawili wa umeme siku mbili nzima kuthibitisha kwamba Bi Lala anachafua jina la kampuni. Mafundi wakatoka jasho limewalowa, hawajui kitufe ni cha nini mpaka leo. Karatasi ikapitishwa, na sasa inatumika katika meli zote nne za kampuni. Malalamiko ya ghorofa ya tisa yamepungua mpaka mtu wa kuyapokea amepewa kazi nyingine.

Narudi kwa dada. Siku moja tulikuwa tunakunja mashuka pamoja, yeye ncha hii na mimi ile, akanieleza kinachomsumbua. Kukataliwa kulimuuma, lakini kulikuwa na kitu alichokiogopa zaidi, nacho ni kukubaliwa. Aliogopa dada aingie kwenye chumba kile, aone beseni, aone maua, aone kitanda kipana kama uwanja, kisha ajisemee moyoni: kumbe huku ndiko ulikokuwa, wakati mimi nahangaika na homa za wanao. Angemweleza vipi kwamba katika miaka yote hiyo alipata usingizi humo dakika arobaini tu, na akaadhibiwa? Alijifuta machozi kwa ncha ya shuka langu lililotoka kupigwa pasi. Nililirudisha kwenye mashine, na kwa mara ya kwanza sikulalamika.

Atanisamehe kwa kulitoa hili hadharani. Asiponisamehe, atakuwa ameshastaafu, hatakuwa na taulo za kunirudishia.

Basi sisi tukajitia kimbelembele. Tulipata namba ya binti yake mkubwa, ambaye sasa ni muuguzi, na tukamwandikia dada Utakachokikuta yake mwenyewe. Tulimwandikia kitanda na beseni, hatukuficha. Halafu tukamwandikia na kule chini, ambako wageni hawaelezwi: chumba alicholala mdogo wake, chini ya usawa wa maji, vitanda viwili kimoja juu ya kingine, hakuna dirisha, na rafu ya upana wa kiganja iliyopangwa picha za watoto wawili, mpya kila mwaka. Nahodha amekubali mgeni wetu ashushwe akapaone. Tukatia sahihi wote, wahudumu, madobi, hata yule mchukuzi wa mabegi. Binti akampelekea. Zikapita siku kumi na moja bila jibu, na mimi kila simu ikilia nilikuwa naikimbilia.

Bi Lala, kuanzia hapa nakuandikia wewe.

Jibu lilifika Jumatatu, ujumbe wa sauti. Dada yako anasema hajawahi hata siku moja kudhani kwamba ulikuwa unastarehe. Ulipokuwa ukirudi likizo alikuwa akikushika mikono, na mikono yako ilimwambia kila kitu. Kilichomzuia ni kingine. Alidhani hata kwa zawadi hiyo wewe ungekuwa kazini, akaogopa kukukuta umeinama ukiokota soksi za watu, na anajijua alivyo: angetoa neno, na neno lake lingekufukuzisha kazi, nawe umebakiza miaka michache tu ustaafu. Kwa hiyo kila mwaka akasingizia sare za shule. Alijiwekea nadhiri kwamba atakuja siku utakayokaa kitini na mtu mwingine akakuhudumia, na hiyo hatakubali kusimuliwa, anataka kuiona kwa macho yake.

Mwishoni aliuliza vipimo vyako. Anataka uvae gauni la mkono wake kwenye chakula cha jioni ya kwanza, na vipimo alivyo navyo, anasema, ni vya wiki uliyoondoka. Mimi ndiye ninayekurekebishia sare, kwa hiyo nimempelekea vya sasa, vya kweli. Habari za kiuno tutagombana baadaye. Gauni limeshaisha.

Anapanda Jumamosi saa nne asubuhi. Ameomba umngojee chumbani, si kwenye ngazi ya kupandia, kwa sababu hataki watu wamwone akilia.

Tunakushukuru kwa kutufundisha kulitazama kila jambo kwa macho ya yule atakayelitumia, na kwa kila taulo uliyoirudisha. Tunakuombea magoti yapone, usingizi mrefu usioandikiwa barua ya onyo, na miaka mingi ya kukaa karibu na huyo dada. Maisha yako yawe mema, mama.

Mhudumu wa chumba chenu kwa siku ya kwanza ameomba ruhusa, nami nimeomba zamu yake. Kaeni tu, msiinuke. Chai ya saa kumi nitaileta mimi mwenyewe.