Muuaji Anayepanda Mipaka

Benchi letu la Kamuli, kijiji chetu Wanyambo, liko nje ya kibanda cha kinyozi Projest, tunayemwita Sakristani kwa sababu ndiye anayepiga kengele kanisani. Kila alasiri hutugawia buni za kutafuna kutoka kwenye kikopo chake. Jana hatukuwa na utani. Asubuhi maiti ya pili ilikuwa imeokotwa migombani. Kama yule wa kwanza, marehemu alikuwa amemdhulumu mjane shamba, na milamula, ile miti ya kuonyesha mpaka, aliyoing'oa ilikutwa imepandwa upya, imemwagiliwa maji. Niliogopa, sioni aibu kusema.

— Huyo ni afisa ardhi mstaafu, alianza mzee Rwegoshora, yaani Redio. Kachoshwa na kesi.

— Mzee, afisa ardhi wa kumwagilia miti? nikamuuliza.

— Basi ni marehemu waume wa hao wajane. Wamerudi.

— Marehemu gani! Dastan alifoka. Muuaji tu huyo, anyongwe!

Dastan tunamwita Mita. Mwezi uliopita alisogeza mpaka wa Nikuze, mjane wa kaka yake, hata matanga hayajapoa.

— Ana utaratibu wake lakini, Redio akasema. Anaonya kwanza. Wote wawili walikuta mlamula mmoja mlangoni. Siku ya tatu, kwisha.



— Mimi wangu nimeukuta juzi, akasema Dastan.

Redio alihesabu kwa vidole, kisha akasogea mwisho wa benchi.

— Ya tatu ni leo, bwana.

— Dastan, mrudishie Nikuze shamba, nikamwambia. Sasa hivi.

— Ng'o! Huyo muuaji lazima ni Mnyambo mwenzetu. Na Mnyambo akikupa buni kwa mkono wake, mkatafuna pamoja, hakugusi tena. Mimi natafuna na kijiji kizima!

Projest, aliyekuwa akinoa wembe muda wote, akachukua kikopo. Akampa Redio. Akanipa mimi. Akampa mwalimu Liliane, mgeni wa wiki moja, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika kupunguza nywele. Mbele ya Dastan akafunga kifuniko.

— Zimeisha, alisema kwa upole. Haya Dastan, zamu yako. Karibu kitini.

Liliane akakitazama kikopo.

— Kaka Projest, si nimeziona zimejaa? Mbona huyu humpi?

Tuliacha kutafuna.  Dastan alikuwa ameshavuka barabara, kandambili moja mguuni, akikimbilia kwenye migomba ya mjane na kuita kwa sauti ya kulia:

— Shemeji! Shemeji Nikuze!