Chumba Alichompimia Mama

Baba Paroko, wazee wetu, mama zangu mliokaa kwenye mikeka, shemeji Sofia na watoto, majirani wa Mchafukoge, wasanifu wenzake marehemu mliokuja na mashati yaliyopigwa pasi, na wanangu wa Mchikichini mliofunga vibanda siku ya Jumamosi, siku ambayo hata mwizi wa viatu anakuwa na wateja, nasimama hapa chini ya turubai kwa niaba ya familia ya marehemu Mzee Ignasi Chilumba, kuwasomea maisha ya kaka yangu Vitalis kabla hatujampeleka kanisani. Mimi ni Polycarp, mdogo wake wa mwisho, muuza viatu, shule niliishia kidato cha pili, na najua wapo wajomba wenye shahada walioona kazi hii ni yao, lakini marehemu mwenyewe aliagiza asome Poli, kwa sababu wajomba wakishika karatasi watu wanaanza kuangalia saa, na kwa sababu ukoo mzima hakuna mwenye sauti kama yangu, hilo nalo alilisema, au kama hakulisema alikuwa njiani kulisema.

Kabla ya tarehe, neno moja. Mama yetu Klara, ambaye nyote mnamwita Mama Vita, yuko pale mkekani, na tangu Jumanne kila anayempa pole anamjibu jambo lile lile, kwamba kile chumba cha uani alijengewa yeye, kwamba alikikataa, kwamba angelala yeye humo mwanawe asingelala, kwamba kitanda cha ugonjwa kilikuwa chake akamwachia mtoto. Mmemsikia, na wengi mmebaki kumshika mkono. Mimi nimepewa nisome kuzaliwa, shule na kazi, na nitasoma vyote, lakini jibu la mama limo humu humu, kwa hiyo mama naomba unisikilize, na kama utataka kunirushia kandambili, subiri nimalize.

Vitalis Ignasi Chilumba alizaliwa Masasi tarehe 9 Februari 1984, mtoto wa kwanza kati ya wanne, akaletwa Dar es Salaam mwaka 1987 baba alipopata kazi bandarini, na familia ikaingia katika nyumba hii hii mnayoiona, vyumba sita na korido katikati, wakati huo ikipata jua pande zote, kabla maghorofa hayajaizunguka kama watu wazima waliosimama kumtazama mtoto aliyeanguka. Utotoni alikuwa na usumbufu mmoja tu, alihamisha vitu, mama akirudi sokoni anakuta jiko liko koridoni na kitanda cha baba kiko mlangoni, na Vita akiulizwa anajibu bila wasiwasi, hapa ndipo upepo unapita, akachapwa, na kesho yake kitanda kikarudi pale pale mlangoni. Baba alikuja kukubali kulala hapo, na mpaka anafariki hakuwahi kusema kwamba mtoto alikuwa sahihi, ila hakukihamisha.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1992 hapa hapa Ilala, akamaliza la saba mwaka 1998, akasoma sekondari mwaka 1999 hadi 2002, akaenda Ndanda kwa kidato cha tano na sita, na mwaka 2005 akaingia chuo cha Ardhi, akatoka mwaka 2010 akiwa msanifu majengo, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho, na picha yake ya joho ndiyo iliyotumika miaka yote kunisema mimi, ilining'inizwa juu ya meza ya kulia chakula ili nisimeze vizuri. Yeye alikuwa akiigeuza ikatazama ukuta kila aliponikuta nakula, anageuza, anakaa, tunakula.

Kikazi aliajiriwa katika ofisi moja ya usanifu kule Posta kuanzia mwaka 2010, na mwaka 2014 akafungua yake katika chumba cha mbele cha nyumba hii, na humo ndimo zilimotoka nyumba za Kigamboni, Bagamoyo na Kilwa Masoko ambazo baadhi yenu mmelala ndani yake, nyumba za paa pana lililoshuka chini, ukuta wa chokaa, baraza ndefu, dirisha la kufikika hata ukiwa umekaa chini, nyumba ambazo ukiingia mabega yanashuka yenyewe. Mteja alikuwa akija na picha kwenye simu, nguzo nne na vioo vyeusi, Vita anamkalisha barazani, anaagiza kahawa, anamuuliza, mzee ukifika kwako kitu cha kwanza unavua nini, na wengi wanasema viatu, yupo mheshimiwa alisema tai, basi Vita anavuta kalamu, anamwambia, tuanzie hapo unapovulia viatu, hizo nguzo zitatukuta mbele. Nguzo hazikuwahi kuwakuta.

Kazi yake ya pili ilikuwa michoro ya ukutani, maumbo makubwa ya rangi mbili au tatu, dafu lililokatwa, pweza, ubao wa bao, vitu vya nyumbani vilivyokuzwa mpaka vinakuwa kama bendera, na hapa lazima niwakumbushe habari ya mwenye baa wa Bagamoyo, aliyempigia simu akasema nataka mbuzi, mkubwa, ukuta mzima, anayeonekana kutoka barabarani. Kaka hakuuliza, alichora kwa siku kadhaa, na mwenye baa aliporudi safarini akakuta mbuzi ya kukunia nazi, ghorofa moja kwenda juu, meno yake yanang'aa. Akasema, fundi, mimi nauza nyama choma. Vita akamjibu, mzee, ulisema mbuzi, hukusema ana miguu. Ile mbuzi ipo mpaka leo, watu wanatoka Dar kwenda kupiga nayo picha, wakishapiga wanakula nyama, na rangi nyekundu ya chini nilipaka mimi, ndiyo maana haijapauka.

Marehemu alifunga ndoa na Sofia tarehe 22 Septemba 2012 katika parokia yetu, baada ya mwaka mzima wa kununua rangi katika duka la Kariakoo alilokuwa akiuza shemeji, maana kulikuwa na buluu moja anainunua leo, anairudisha kesho, anasema siyo yenyewe, mpaka duka zima likajua kwamba kinachotafutwa siyo rangi, isipokuwa shemeji, ambaye aliendelea kumchanganyia kwa moyo safi. Walijaliwa watoto wawili, Stella, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2014, na Bryson, aliyezaliwa tarehe 17 Oktoba 2018. Shemeji, sitakutania leo, nimekuhifadhia.

Sasa nafika kwenye chumba. Katika nyumba zote za pwani alizojenga Vita, ya kwanza alitaka iwe ya mama, na mama alikataa kila alipoombwa, akaambiwa Kigamboni utaona bahari kitandani, akajibu, maji nayaona kwenye ndoo, mimi siondoki Mchafukoge. Basi mwaka 2022 Vita akasema kama mama haendi pwani, pwani itakuja uani, akachana doti ya khanga ya mama vipande vipande, akavifunga kila kona ya ua, kwenye kamba, kwenye bomba, kwenye tangi, akakaa anatazama ni kipande kipi kinapepea, na mama akitoka anauliza nani kaichana khanga yangu mpya. Kile kilichopepea kilikuwa kona ya nyuma, pale penye mwanya kati ya maghorofa mawili, na hapo ndipo alipojenga, ukuta wa matofali ya matundu, mlango mpana usio na kizingiti, kitanda kilichopimwa kwa goti la mama, kishikio ukutani, dirisha la chini kiasi kwamba mtu aliyelala anaona ua wote, na ukuta wa kichwani akaupaka mawimbi meupe na ile buluu ya shemeji.

Mama aliingia, akatazama kishikio, akatazama kitanda, akasema, Vitalis, nani kakwambia naumwa, hiki chumba cha mgonjwa, mie hata miaka sitini sina. Akatoka, akarudi kulala kwenye chumba chake cha zamani ambacho dirisha lake linatazamana na ukuta wa ghorofa, na chumba kipya kikakaa kitupu, tukaanikia mahindi. Vita aliumia, sitawaficha.

Mwezi Machi 2023 alianza kuumwa mgongo, tukadhani ni ngazi za kuchorea, alipopimwa akaonekana ana uvimbe kwenye uti wa mgongo, akafanyiwa upasuaji Julai mwaka huo huo, akapata nafuu, akarudi kazini, lakini mwaka uliofuata miguu ikaanza kukataa, na Januari mwaka huu 2025 akawa wa kiti cha magurudumu. Kiti hakikupita mlango wowote wa nyumba hii, milango ya zamani ni myembamba, kilipita mlango mmoja tu. Akahamia humo. Kitanda kilimfaa kwa kujiinua, kishikio alikishika, na kwenye dirisha lile la chini alimwona Bryson akicheza mpira uani, akampigia kelele za offside kutoka kitandani. Mama alitandika mkeka ubavuni kwake na hakurudi tena chumbani kwake, na Jumanne tarehe 12 Agosti 2025 asubuhi, mama akiwa amemshikia kikombe cha uji, Vitalis alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Mama, hapa ndipo pako. Mwezi wa sita nilitoka Mchikichini nikamkuta peke yake, nikamwambia mama analia jikoni kwa ajili ya hiki chumba. Akasema, Poli, angekubali kulala humu mwaka ule, saa hizi mimi ningelala wapi, koridoni? Nikamwambia, mweleze mwenyewe, mdomo unao. Akasema, nikimweleza mimi atalia, wewe ukimweleza atakutukana, na akishatukana anapata nafuu, kwa hiyo subiri, utamwambia siku watu wakiwa wengi, asiweze kukukimbia. Hiyo ndiyo sababu nimeshika karatasi hii, wajomba mnisamehe, habari ya sauti niliongeza mwenyewe. Mama, hukumwachia mwanao ugonjwa, ugonjwa haukujua hata kama kuna chumba, wewe ulimtunzia mahali, pakakaa patupu mpaka alipopahitaji, na hakuna mwingine katika nyumba hii aliyempa kitu kikubwa kama kukataa kwako. Wazee mmeshauri tukifunge baada ya matanga, na wengine mmeshauri apangishwe mtu, tumewasikia, lakini godoro limeshapigwa jua na mlango hatufungi, mama ukitaka kulala humo utalala, siyo kama mgonjwa, kama mtu aliyechoka na joto, na usipotaka tutaanika mahindi. Haya, nimesema, nitukane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu siku ya kwanza, na yule muuguzi aliyekuwa akija nyumbani kumgeuza na akaishia kuchorewa pweza sebuleni kwake, tunawashukuru wafanyakazi wenzake waliomalizia ramani zake bila kuzibadilisha, majirani mliozima redio za maduka wiki nzima katika mtaa ambao haujawahi kunyamaza, jumuiya na kwaya, na mama lishe wote mliopika bila kuitwa. Kila mmoja tungependa kumtaja, ila jeneza linasubiri.

Kaka, ulisema nitalia kabla sijafika kwenye ndoa yako, nimefika mpaka kwenye shukrani na nimeshikilia meza, meza ndiyo inayotetemeka. Nenda kapumzike kwa amani, Vita, kazi ya kulia tuachie sisi.