Bi Kaltham na Mizani Iliyopuuzwa

Tarehe 30 Juni 2008, Bi Kaltham binti Hashil anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya uuguzi katika kliniki yetu ya watoto hapa Ibra, Oman. Nimeombwa niandike maneno matamu. Nitajaribu, ila hasira nayo inataka nafasi yake.

Mzaliwa wa Unguja, mcheshi, lakini kwenye mizani hana mchezo. Mtoto huvua viatu na kutoa hata tende za mfukoni, akirudishiwa akishashuka.

Tangu mwaka 2000 ndiye aliyewaangalia watoto wetu wachache wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI. Kipimo cha kujua kama dawa zinafanya kazi kilikuwa Maskati tu. Damu ilitolewa maabarani, si kliniki kwetu, ikapelekwa huko mara moja kwa mwaka. Miezi mingine yote Bi Kaltham alitegemea mizani na daftari lake.

Mwaka 2003, Yaqeen wa Bidiya, mji wa jirani, mtoto wa miaka sita, alipungua uzito miezi minne mfululizo. Bi Kaltham akaomba dawa zichunguzwe upya. Ofisi ikamjibu kwa barua kwamba majibu ya Maskati ni mazuri, na muuguzi asijifanye daktari. Aliomba mara tatu, akakataliwa mara tatu. Wanasema kuuliza si ujinga. Kwetu kulihesabiwa utovu wa adabu.

Siku yake ya mapumziko akaenda Bidiya mwenyewe. Bibi yake Yaqeen, Bi Shaikha, alimtilia kahawa, kisha akalia. "Mwanangu, mjukuu wangu kesha kauka, damu ya kukupeni ataitoa wapi? Nikampeleka binamu yake, yule ana nguvu." Maabarani hakuna aliyemjua Yaqeen kwa sura. Majibu mazuri yalikuwa ya binamu, mtoto mzima asiye na virusi.

Bi Shaikha simlaumu, alimwonea huruma mjukuu wake. Nawalaumu waliomwona mtoto anakonda mbele ya macho yao wakaamini karatasi. Damu ya Yaqeen mwenyewe ilipopimwa, virusi vilikuwa vimejaa. Dawa zikabadilishwa, akaponea tundu ya sindano. Leo ana miaka kumi na mmoja na anasoma.

Katika ripoti ya ofisi jina la Bi Kaltham halimo. Wala hakuna aliyemwomba radhi, nami nikiwemo. Barua zile tatu za kumkatalia nilizitia saini mimi.

Bi Kaltham, ahsante, na uniwie radhi. Mungu akujaalie afya, raha na umri mrefu pamoja na wanao.