Iwakiri Tomezo, Mkono wa Reli ya Tsukahara (1924–2009)

Ndugu na jamaa, majirani wa Kilima cha Hinode, nanyi mliotoka ofisi za Tsukahara, asanteni kwa kuja. Mimi ni Fumiyo, binti yake wa pili. Mama ameniomba nisome maisha ya baba kabla jeneza halijafungwa, na ameniagiza niyasome yote. "Ukimpaka sukari," amesema, "hata mwenyewe hatajitambua."

Marehemu Iwakiri Tomezo alizaliwa tarehe 9 Novemba 1924 katika kijiji cha Kamishiba, milimani Miyazaki. Alikuwa mtoto wa tano wa mzee Iwakiri Yasuke, mchoma mkaa, na mama Iwakiri Kane. Mzee Yasuke alikuwa na mkono mwepesi. Siku moja alimng'oa Tomezo jino kwa kofi, kisa gunia la mkaa lililolowa mvua. Mtoto akalimeza lile jino palepale. "Nilimnyima," alikuwa akituambia huku akicheka. "Alitaka kuona amefanya nini, nikamnyima."

Alisoma Shule ya Msingi ya Kamishiba kuanzia Aprili 1931 hadi Machi 1939. Hesabu zilimshinda. Alichokiweza ni kuandika kwa brashi, na mwandiko wake ulikuwa mzuri mpaka mwalimu aliubandika ukutani. Alifukuzwa kwa kupigana, na bibi Kane akamrudisha shuleni akiwa amejitwika mkaa wa kumtuliza mwalimu mkuu.

Masika ya mwaka ule ule wa 1939 alikwenda Osaka, akaajiriwa katika kikosi cha kutandika njia cha Reli ya Tsukahara. Wengi wenu mnalijua shirika hili kuliko mimi, lakini wajukuu hawajui lilianzaje. Mzee Tsukahara Genpachi alijenga njia yake mwaka 1910, kutoka Osaka hadi chemchemi za maji moto za Arayu, katikati ya mashamba ya mpunga. Watu wa mjini walimcheka kwamba atabeba mbweha na nyegere. Yeye akaamua kuwatengeneza abiria. Alinunua mashamba ya kando ya reli, akajenga nyumba na kuwauzia makarani. Ili makarani wapande treni hata Jumapili, akafungua bustani ya michezo kule mwisho wa njia, na huku mjini akasimamisha duka la ghorofa saba juu ya stesheni. Kisha yakafuata mabasi, teksi, hoteli, jumba la muziki na timu ya besiboli. Siku hizi mtu anaweza kuzaliwa, kuoa na kuagwa bila kutoka mfukoni mwa Tsukahara. Hata ukumbi huu tulioketi ni wao.

Ila ardhi yote hiyo ilikuwa na wenyewe, na haikupatikana kwa salamu.

Mwaka 1942 chuma cha reli kilimkata baba kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Jeshi likamkataa, kwa kuwa asingeweza kufyatua bunduki. Mwenzake mmoja alisema kantini, kwa sauti ya kusikika, kwamba amejikata makusudi. Baba alimshika kisogo akamgonga uso mezani mpaka bakuli za supu zikaruka. Kisha akaketi, akamaliza wali wake.

Tarehe 7 Juni 1945, mchana, ndege zilimwaga moto Osaka. Treni iliyosimama stesheni ilishika moto behewa baada ya behewa. Abiria walikimbilia ghala la chini ya duka, lakini mlango wa chuma ulikuwa umeshushwa. Ndani alisimama mlinzi aitwaye Sakota Heiji.

"Fungua!" baba alipiga kelele.

"Kumejaa! Ni amri ya mkuu wa stesheni. Nendeni mtoni!"

"Mtoni kunawaka, mpumbavu wewe! Fungua!"

Nyuma ya baba alikuwapo mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, na mbeleko ilikuwa imekwisha kushika moto. Baba aliingiza mtaimbo chini ya mlango akaukandamiza kwa uzito wake wote mpaka komeo likakatika. Sakota akatokea na rungu. Baba alimpiga kwa ule mtaimbo begani, na mtulinga ukavunjika kama kuni kavu. Watu waliingia wakimkanyaga, na wengi wao waliishi. Mama yule aliishi. Mtoto wake alikuwa amekwisha kufa.

Baada ya siku chache baba aliitwa mbele ya mzee Genpachi.

"Ni wewe uliyemvunja mlinzi wangu?"

"Ni mimi, bwana mkubwa."

"Na mlango wangu?"

"Na mlango."

Mzee alimtazama mikono kwa muda mrefu. "Mlango nitatengeneza mwingine. Mkono wa namna hiyo siutupi."

Akahamishiwa Idara ya Ardhi. Mtu wa kwanza aliyemkuta ofisini ni Sakota, mkono wake umening'inizwa kwa kitambaa.

"Karibu, kaka," Sakota alimwambia. "Kazi yako ya kwanza ni kuchemsha chai, maana mimi birika siwezi kuinua. Unajua ni kwa nini."

Baba akachemsha. Urafiki wao ulianzia hapo.

Kazi ya idara hiyo siwezi kuifunika. Baada ya vita, wahuni walikuwa wamekalia kiwanja kilicho nyuma ya stesheni, wakiuza mchele wa magendo. Mwaka 1947 shirika lilikitaka kiwanja chake. Walipigana kwa minyororo ya baiskeli na kulabu za kuinulia magunia, na baba akapasuliwa paja mpaka mfupa ukaonekana. Leo pale ndipo panapouzwa manukato, na kila alipotupitisha dukani alionyesha sakafu mbele ya wale mabinti wa kaunta: "Hapa ndipo nilipolala kwenye damu yangu." Mama alimfinya. Aliwapiga pia watu ambao hawakuwa wahuni. Wakati wa mgomo wa 1949 alimpiga mkata tiketi mmoja sikioni, na sikio hilo halikusikia tena. Aliwapiga wakulima katika mashamba yao wenyewe. Hayo nayo yamo katika maisha yake.

Sasa nieleze alivyooa. Mei 1953 shirika lilikuwa likifyeka Kilima cha Hinode ili lijenge nyumba za makarani. Katikati ya barabara iliyochorwa palikuwa na kibanda cha kugandishia maziwa ya soya kuwa tofu, mali ya mjane Ushio Tane na binti yake Kinue. Baba alikwenda na nyundo. Alimkuta Kinue mlangoni, sufuria ya maharage ya soya ikitokota nyuma yake.

"Toka hapo, dada. Nyumba inaanguka leo."

"Dada yako yuko kwenu. Mimi nina maharage jikoni."

"Sitaki kukuumiza."

"Basi mimi ndiye nitakayekuumiza. Sogea nikuoshe uso."

Baba alisogea. Kinue alichota kwa kata maji yanayochemka akammwagia kuanzia sikioni hadi shingoni. Lile kovu mnalolijua, lililofanana na jani la kabichi, ni la siku hiyo. Alianguka matopeni akilia kama ng'ombe. Bibi Tane alitoka, akamtazama, akasema, "Kinue, umemaliza maji ya tofu ya kesho," kisha akaenda kumletea mafuta ya kupaka.

Asubuhi iliyofuata baba alirudi na bendeji shingoni, akanunua kipande cha tofu. Siku ya pili pia. Shirika lilipoona amegeuka mnunuzi, likatuma wengine, na kiongozi wao alikuwa Sakota.

"Kaka, toka mlangoni," Sakota alimsihi. "Nina amri."

"Hata siku ile ulikuwa na amri."

"Tomezo, usinifanye nikupige."

"Piga. Ukitoka salama uingie."

Walimpiga kwa mbao za ujenzi. Naye aliwavunja wawili mikono na mmoja meno. Mbao iliyokuwa na msumari mkononi mwa Sakota ndiyo iliyoharibu jicho la kushoto la baba. Alipoona alichofanya, Sakota alitupa mbao, akakaa chini katikati ya barabara. Baba alibaki ameshika miimo ya mlango, damu ikimchuruzika kifuani, na nyuma yake Kinue alikuwa ameinua sufuria nyingine.

Habari zikamfikia mzee Genpachi. Alipanda kilima mwenyewe kwa fimbo.

"Na wewe, mzee, unataka kuoshwa?" Kinue alimuuliza.

Mzee aliomba tofu baridi. Akala, akafuta mdomo, akawaambia wahandisi, "Pindisheni barabara." Ndiyo maana basi la Hinode linapinda mahali pasipo na mwamba wala mto.

Walifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1954 katika hekalu la Saigen. Sakota alikuja, akakaa bila kugusa chakula.

"Niambie niondoke, niondoke," alisema.

"Mtulinga kwa jicho, tumemalizana," baba alimjibu. "Kunywa, sake inapoa."

Shirika halikumfukuza baba, na Agosti 1959 lilimpeleka yeye na Sakota Ziwa Kurobuchi. Barabara ya kuelekea ziwani ilikuwa ya Tsukahara, na mabasi ya kampuni ya Kitamura yalizoea kupita humo. Mkataba wao ulipokwisha, mzee aliamuru gogo liwekwe njiani. Siku ya Jumapili, watalii wakiwa madirishani na vyakula vyao mapajani, lori la Kitamura likaja mbele ya mabasi yao. Sakota alisimama nyuma ya gogo na kuinua mkono.

"Hawatathubutu," alimwambia baba bila kugeuka.

Lori halikusimama. Gogo lilimbana Sakota kwenye nguzo ya mawe, naye akafa kabla vumbi halijatua. Baba alimvuta dereva, kijana aliyeitwa Nagao Rikichi, kupitia dirishani, akampiga mpaka taya likawa vipande. Wanaume wanne ndio waliomwondoa juu yake. Watalii walikuwa wakipiga mayowe, na mtoto mmoja alitapika wali wake kwenye kioo.

Kabla polisi hawajamkamata, baba alipanda treni hadi makao makuu na shati lake la damu, akaingia kwa mzee Genpachi bila kubisha hodi.

"Sakota amekufa."

"Nimeambiwa," mzee alisema. "Na barabara je? Wamepita?"

Baba aliinua ngumi. Mbele yake alikuwa mzee wa miaka themanini na minne, amekaa kitini, hata hakuinua mkono kujikinga. Ngumi ilibaki juu, kisha akaishusha.

"Bwana mkubwa," baba alisema, "ulisema mkono huu huutupi. Leo nauchukua."

Akashuka ngazi, akajipeleka polisi. Alifungwa miaka miwili. Alipotoka hakurudi shirikani. Alifunga aproni, akasaga soya pamoja na mama na bibi Tane mpaka mwaka 2005, mgongo ulipomkataza.

Kila mwaka, siku ya kifo cha Sakota, alikwenda kaburini kwake, kisha akaendelea kwa treni hadi nyumbani kwa Nagao, aliyekuwa hawezi tena kutafuna. Alimpelekea tofu laini. Mwaka wa kwanza Nagao alimrushia usoni, na baba akarudi nyumbani kwa treni nywele zikiwa nyeupe kwa tofu. Mwaka wa pili alimfungulia mbwa. Wa tatu alisimama mlangoni akauliza:

"Umetia sumu?"

"Ningetaka kukuua ningekuua siku ile."

"Ulijaribu."

"Nilijaribu. Kula."

Nagao alikula akiwa amesimama, machozi yakimtoka. Akasema haina chumvi. Waliendelea hivyo mpaka Nagao alipofariki mwaka 1998, na hatukuwahi kusikia wakiitana marafiki. Siku ya maziko yake baba alibeba jeneza, na ndugu wa Nagao wakamwachia nafasi.

Machi 2008 madaktari waligundua saratani ya tumbo. Alikataa kulazwa. Maumivu yalipozidi alimwambia mama, "Hii inapiga vizuri kuliko Sakota." Mwezi wa Januari alituita watoto, akatuagiza juu ya siku hii ya leo: "Niliowapiga wakija, msiwaketishe nyuma. Wala msiwaombe wanisamehe. Wapeni kiti na chai." Alifariki tarehe 21 Februari 2009, asubuhi, katika chumba cha nyuma ya duka letu la tofu, mama akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, Kinue; watoto watatu: Hatsue, Isao ambaye ni meneja wa Hoteli ya Tsukahara kule Arayu, nami Fumiyo; wajukuu saba na kitukuu mmoja, Mutsuki, aliyezaliwa wiki iliyopita.

Katika safu ya mbele, pamoja na familia, wameketi binti wa marehemu Sakota, watoto wa marehemu Nagao, na mzee Hirobe, yule mkata tiketi wa mwaka 1949, ambaye nimemwomba aketi upande huu ili anisikie kwa sikio lililobaki. Mzee Hirobe, alipofika mlangoni leo, aliniambia, "Sikuja kulia. Nimekuja kuhakikisha." Tunakushukuru, mzee wetu, kwa kuja. Chai yako ipo. Hatukuombi kitu. Sisi watoto wa Iwakiri Tomezo tunainama mbele yako na mbele ya wote aliowaumiza, waliopo na wasiopo, kisha ndipo tutakapomfunika kwa maua.

Mikono yake imetulia. Na roho yake itulie pia.