Mwalimu Yonathani Mwazembe, Mpangaji wa Mechi za Unyiha

Wachungaji, walimu, wenyeji wa Isansa na wageni wetu wa Saza: tunayemzika leo, Alhamisi tarehe 19 Septemba 1957, hakupenda maneno mengi. Mimi Boazi, mdogo wake, nayapenda, lakini nitajizuia.

Mwalimu Yonathani alizaliwa Itaka tarehe 3 Machi 1914, mtoto wa kwanza wa Mzee Efraimu Mwazembe na Mama Leah. Alisoma shule ya misheni Mbozi kuanzia 1924 hadi 1932. Huko aliupenda mpira, lakini mpira haukumpenda. Siku moja aliwekwa golini, akageuka kumwelekeza mwenzake pa kusimama, na bao likapita nyuma yake. Tangu hapo alibaki kuwapanga wengine, na wote tulishukuru.

Alianza ualimu hapa Isansa Januari 1934. Tarehe 8 Oktoba 1938 alifunga ndoa na Ferista, na mdogo wake Ferista, Asajile, akawa kama mtoto wa nyumba hiyo. Ndiye baadaye aliyekuwa nahodha wa timu yetu.

Mwaka 1948 Mwalimu alichaguliwa katibu wa mashindano ya kombe. Kabla yake ratiba ilifuata wenye nguvu. Wachimba dhahabu wa Saza walikuja kwa lori. Vijana wetu waliitwa Saza wakati wa kupanda, wakatembea mchana na usiku, wakaingizwa uwanjani na vumbi la njia miguuni. Tukifungwa, tulichekwa. Mwalimu alikataa. Msimu wa kupanda, hakuna mechi. Na kwa kuwa kwetu mgeni haulizwi habari kabla hajala na kulala, aliifanya desturi hiyo kuwa sheria: timu iliyosafiri ilale kwanza. Tulimshangilia sana, maana tuliosafiri kwa miguu tulikuwa sisi.

Ikafika fainali, Jumamosi tarehe 25 Aprili 1953, hapa hapa Isansa. Lori la Saza lilikwama mtoni, wachezaji wakatembea usiku kucha, wakafika adhuhuri hoi. Asajile alifurahi waziwazi.

"Shemeji, piga filimbi! Leo ni zamu yao kuonja."

"Hawajalala," Mwalimu alijibu.

Jumapili ni ya Bwana, na Jumatatu wale walitakiwa mgodini. Akaiahirisha mechi hadi Jumamosi iliyofuata.

"Lakini Kasiani anaondoka Jumatatu kwenda kazini Kitwe! Bila yeye nani atafunga?"

"Najua. Nami nimemfundisha kusoma. Sheria niliyoiweka tukionewa sisi, siwezi kuivunja tukiweza kuonea."

Tarehe 2 Mei, bila Kasiani, tulifungwa mawili kwa moja. Mimi mwenyewe sikumsalimia wiki nzima. Wengi walipoa, kwa maana hasira hasara. Asajile hakupoa. Kwa miaka minne hakukanyaga nyumba ya dada yake. Mtoto wa Asajile alipobatizwa, Ferista alisikia habari sokoni. Mwalimu hakujuta uamuzi wake, ila machozi ya mkewe yalimuumiza kuliko kifua kilichokuja kumuua.

Kifua hicho kilimshika Mei mwaka huu. Alitibiwa hospitali, akarudishwa nyumbani Agosti. Siku moja Asajile aliingia, akakaa kitandani bila kukaribishwa.

"Shemeji, siku ile tungeshinda."

"Mngeshinda," Mwalimu alisema. "Na mpaka leo mngejiuliza kama mliwashinda watu au mlishinda uchovu wao."

Asajile aliinuka. Aliaga, akaondoka. Kila jioni Mwalimu alimuuliza mkewe kama nduguye amerudi, naye alimwambia bado. Alifariki Jumanne tarehe 17 Septemba, alfajiri, bila kujua kama amesamehewa.

Ameacha mjane, Mama Ferista, watoto watatu, Ruti, Anyelwisye na Nesta, mama yetu Leah, nami nduguye, na timu sita za kombe ambazo bado zinalala kabla ya kucheza.

Kwetu mwenye kinyongo na marehemu hashiki jembe la kaburi. Jana asubuhi tulikuja na vijana kuwaonyesha mahali pa kuchimba. Tulimkuta Asajile peke yake, shimo limekwisha kumfika magotini. Ferista alimpelekea maji. Alikunywa, akamrudishia kata, akaendelea kuchimba.

Mwalimu, Bwana akupe pumziko la amani.