Mwalimu Wenceslaus na Soko la Waviking la Kagugu

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu ya kizee ikikwama, mnivumilie. Mwalimu Wenceslaus amefariki. Ndiyo, Mwalimu Wenceslaus wa Kagugu, yule Mtanzania wa Ngara, baba wa watoto wawili, miaka hamsini na mbili. Jumatatu alikuwa akicheka na watoto darasani. Jumanne jioni hayupo. Hata sasa siamini.

Kitendawili! Nimetoka na changu, nimerudi na cha mwenzangu, na hakuna aliyeibiwa. Msihangaike, jibu ni kubadilishana vitu. Mwalimu alifungua nacho somo la Waviking, watu wa kaskazini mwa Ulaya, wa miaka elfu moja na zaidi iliyopita. Watoto walitaka vita. Yeye akawapa mizani ya uzi na vifuniko viwili vya mkebe. Akawaambia Waviking walisafiri mbali, wakatoa ngozi za wanyama, wakapewa hariri na vipande vya madini ya fedha vilivyopimwa kwa uzito.

"Teacher, sasa bila franga tunanunua na nini?" akauliza Gisa.

"Unatoa ulichonacho, Gisa. Isipokuwa hilo domo. Hilo hakuna atakayelichukua."

Darasa zima likacheka.

Ijumaa wakafanya soko. Kila mtoto alete kitu cha nyumbani kisichotumika. Kirezi, binti wa miaka kumi, akatazama kabati la sebuleni. Akaona icyansi, kile chombo cha mti cha maziwa. Tangu azaliwe hajaona maziwa ndani yake. Kwake hakitumiki. Akampa Gisa, akachukua ngozi ya sungura. Icyansi hicho marehemu bibi yake alipewa siku ya harusi. Ndicho pekee kilichobaki cha bibi huyo.

Mama yake, Mukunde, alipoona pengo kabatini aliketi sakafuni. Gisa naye alikuwa ameshampa shangazi yake, na shangazi ameshaondoka nacho kwenda kwake Kabuga.

"Kosa ni langu," Mwalimu akamwambia Mukunde. "Ningeuliza kila kitu kimetoka wapi. Nitakifuata mwenyewe."

Jumanne baada ya masomo akapanda basi mpaka Kabuga. Hakwenda mikono mitupu. Alibeba chupa yake ya chai, ile nzuri, ili shangazi naye apate kitu. Wakabadilishana, wakaagana wakicheka.

Pale stendi, Sibomana, muuza ndizi, alimwona. Anasema: "Aliweka icyansi chini polepole, kisha akaketi kando yake. Nikamwambia, mzee, basi inakuja. Kumbe nasema na mtu aliyeshaondoka."

Icyansi hakikupata hata mkwaruzo, kikarudishwa nyumbani kwa Mukunde.

Wasikilizaji, kuna jambo lilitushtua kuliko kifo chenyewe. Msibani, Kirezi aliingia na icyansi mikononi. Akakiweka miguuni pa mjane wa Mwalimu, Winifred. Akasema: "Mama, nimekileta. Munirudishie teacher."

Hata waliokuwa wakilia waligeuka kumtazama.

Winifred akamvuta kifuani. "Mwanangu, hiyo hatuwezi. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, daktari ameniambia. Alinificha hata mimi. Angeweza kuketi hivyo hata jikoni kwangu, asiinuke."

Kirezi mpaka leo hajarudi shuleni.

Pole sana, Winifred. Poleni, Achille na Ariane, kwa kumpoteza baba. Pole kwa shule yote. Na nyinyi wenye watoto, leo waulizeni: unafikiri ni kosa la nani? Msiseme mtoto hawazi. Anawaza, tena anawaza peke yake.

Kirezi, najua redio iko hapo jikoni kwenu. Mwambie mama aongeze sauti. Umesikia? Ulifanya ulichoambiwa, ukakosea kama mtoto yeyote, na mkubwa akaenda kurekebisha kwa sababu hiyo ni kazi ya wakubwa. Kilichomuua kilikuwa ndani ya kifua chake kabla hujagusa kabati lile.

Si wewe, mjukuu wangu. Si wewe.